Mgeni ananiambia niteremshe chambo mita 30: je, uvuvi wa samoni wa ziwani unafaa Mkondo wa Pemba?

"Assalaam alaykum. Nina boti ya faiba ya futi 26 hapa Nungwi, mashine mbili za hospawa 60, rodi nne na rili zake. Nawachukua wageni kuvua nusu siku. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, tunarudi saa sita. Karibuni nilimpakia Mmarekani aliyezoea kuvua samoni na trauti kwenye Ziwa Michigan. Akaniambia nakwenda mbio mno na chambo changu kiko juu mno. Kwao huteremsha chambo mita 30 kwa tufe la risasi linaloning'inia kwenye kifaa chenye waya, na boti hutembea polepole. Nikajaribu kwenda polepole na kufunga chubwi kwenye mshipi, nikaambulia mzia wawili wadogo. Lakini hata kwa njia yangu mambo si mazuri: nduaro wanagonga hawanasi, jodari wananasa kisha wanachomoka. Ninunue hicho kifaa? Au kosa liko wapi?"

Wa alaykum salaam, nahodha. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na ni vizuri kuyatenganisha, maana dawa zake ni mbali mbali. La kwanza ni kina: je, samaki wako chini ya chambo chako? La pili ni kunasa: kwa nini samaki anayekuja hashikiki? Kwa maelezo yako mwenyewe, nduaro wanagonga na jodari wananasa. Basi samaki wanakiona chambo na wanakitaka pale pale kilipo. Tatizo lako kubwa linaanzia baada ya hapo, na kifaa cha kuteremshia hakitaligusa. Usikinunue sasa.

Hata hivyo, mgeni wako hakukudanganya. Alikueleza kweli ya maji yake, na inafaa uielewe sababu yake ili siku nyingine mgeni akisema hivyo uweze kumjibu kwa heshima na kwa ujuzi.

Ziwa Michigan lina kina cha wastani wa mita 85, na mahali penye kina zaidi ni mita 281. Samoni si wenyeji wa pale. Walipandikizwa, aina ya coho mwaka 1966 na aina ya Chinook mwaka 1967, na kazi moja waliyokusudiwa ni kula samaki wadogo waitwao alewife waliokuwa wamelijaza ziwa. Wakati wa joto jua hupasha maji ya juu yakafika nyuzi 20 na zaidi, huku ya chini yakibaki baridi ya nyuzi 4 hadi 6. Maji ya moto ni mepesi, hayashuki. Ya baridi ni mazito, hayapandi. Katikati hubaki tabaka jembamba ambalo ndani ya mita chache tu joto huporomoka. Samoni aina ya Chinook hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi. Trauti wa ziwani hupenda baridi zaidi, mara nyingi karibu na chini. Kwa hiyo samaki wote wa thamani hujikusanya kwenye ukanda mwembamba, na upepo ukisukuma maji ya juu upande mmoja wa ziwa, ukanda huo hupanda au kushuka. Leo uko mita 15, kesho uko mita 30. Nahodha wa kule asiyejua kina cha leo amepoteza siku yake.

Ndiyo maana wakabuni kile kifaa. Ni kigurudumu chenye waya wa chuma, kinachoteremsha tufe la risasi la kilo 4 au 5, na kihesabio kinachoonyesha umetoa waya kiasi gani. Mshipi wa rodi haufungwi kwenye tufe moja kwa moja, hubanwa na kibanio kidogo. Samaki akivuta, kibanio kinaachia, na mvuvi anapambana na samaki peke yake bila ya uzito. Boti hutembea noti 2 hadi 2 na nusu (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu kilomita 1.85), kwa sababu vijiko vyao vya bati jepesi hucheza vizuri kwa mwendo huo, na tufe likikimbizwa zaidi hurushwa nyuma na kupanda juu. Na wakati wa kuchipua majani, maji yanapokuwa baridi tangu juu hadi chini, manahodha hao hao huvua juu juu kama wewe.

Sasa tazama maji yako. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa cha Pemba na bara, una kina kinachofika mita 800 hivi, na wengi huona kwamba bahari ikiwa na kina kirefu basi samaki wakubwa wako mbali chini. Sivyo. Joto la maji ya juu hapa ni nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, mwezi wa Agosti na Septemba, na hupanda kufika 29 mwishoni mwa kaskazi. Nduaro na jodari ni samaki wa maji ya moto na yenye mwanga. Tabaka hilo lina unene wa makumi ya mita, na humo wanahangaika huku na huku wakiwafukuza vibua, dagaa na ngisi. Samaki mdogo anayefukuzwa hukimbilia juu, akifika uso wa maji hana pa kwenda tena, na hapo ndipo anapoliwa. Jodari anaweza kuzama mbali sana kati ya mlo na mlo, lakini anapokula kwa wingi huonekana: membe wanapiga mbizi, maji yanachemka. Chambo kinachokimbia juu na kuacha mkia wa mapovu kinamwambia samaki huyo kitu anachokifahamu.

Ulipopunguza mwendo na kufunga chubwi kwenye mshipi mambo mawili yaliharibika pamoja. Chambo bandia chenye rinda la plastiki kimetengenezwa kwa noti 6 hadi 9. Kwa noti 2 kinaning'inia kama tambara. Na chubwi lililo mbele yake linakivuta chini na kukinyima ule mchezo wa kuruka na kuzama. Mzia wadogo hukaa ukingoni mwa mwamba na huchukua karibu kitu chochote chenye kung'aa, ndiyo maana ukawapata hao tu.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba ulipime wiki hii hii, kwa sababu aghlabu ya manahodha wa boti ndogo hawalioni. Mwendo unaousoma kwenye GPS ni mwendo juu ya ardhi. Chambo hakijui ardhi. Kinajua maji tu. Maji ya pwani yetu huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na wakati wa kusi yanaweza kufika noti 3 hata 4. Wakati wa kaskazi hupungua sana. Tuseme leo yanakwenda noti 3. Ukielekea kaskazini, kutoka Nungwi kwenda kwenye kile kilima cha chini ya maji kiitwacho Leven Bank, na GPS inasoma 7, chambo chako kinapita majini kwa noti 4 tu. Kimelala. Ukigeuka kurudi kusini kwa GPS ile ile 7, chambo kinakwenda noti 10, kinaruka hewani na kujiviringisha. Nahodha anasema "samaki wa leo hawali", kumbe chambo chake hakijawahi kuwa kwenye mwendo sahihi hata dakika kumi.

Kujua maji yanakwenda kiasi gani ni rahisi. Ukifika unapotaka kuvua, kabla hujatia mishipi, weka mashine huru dakika tatu na usome GPS: inakupa mwendo na mwelekeo wa maji, pamoja na kidogo cha upepo. Halafu uongeze au upunguze. Katika mfano wetu, ukitaka noti 7 za majini, soma 10 ukifuata maji na 4 ukiyapinga. Ukivuka kwa ubavu, tofauti ni ndogo. Wale wa Ziwa Michigan nao wana shida hii hii, na baadhi yao hufunga kipimo cha mwendo karibu na tufe lenyewe huko chini. Lakini usiiamini namba kuliko jicho. Simama tezi ukitazame kila chambo: kipande juu kivute pumzi, kizame, kiache mkia wa mapovu kwa sekunde kadhaa, kipande tena. Kikiruka hewani kabisa, punguza mwendo, au kirudishe nyuma kidogo, au shusha ncha ya rodi. Kikizunguka kama pia, kitoe, maana kitausokota mshipi mpaka ukatike. Mwendo wenyewe hutegemea chambo: bandia chenye rinda, noti 6 hadi 9, chuchunge aliyekufa na kushonwa vizuri, noti 5 hadi 6, kibua hai, noti 2 au chini yake. Usichanganye bandia na kibua hai kwa wakati mmoja, huwezi kuvifaa vyote.

Kwa boti ya futi 26 isiyo na fito ndefu za ubavuni, mishipi minne inatosha. Ya tano itakuletea fundo kila ukigeuka. Miwili iwe mifupi, mita 12 na 18 kutoka tezi. Miwili iwe mirefu, mita 30 na 40. Vipimo hivi si msahafu. Kinachotakiwa ni kila chambo kipande uso wa mbele wa wimbi linaloachwa na boti, pale wimbi linapoinuka kama kilima kidogo. Humo mwanga unapita na samaki anakiona kwa chini. Mifupi ikae ubavuni mwa povu la mashine, isiwe ndani yake. Chambo cha sentimita 12 hadi 18 kinatosha kwa jodari na fulusi wa kawaida wa huku, na nduaro anakichukua pia. Tembea juu ya ukingo, pale kipima kina kinapoonyesha mita 60 zikiporomoka kuwa 200, na kwenye mistari ya maji ambako mwani na takataka zimejipanga: hapo maji mawili yanakutana na samaki wadogo wanajificha.

Tuje kwenye maumivu yako khasa.

Nduaro hali kama jodari. Kwanza hukipiga chambo kwa mdomo wake mrefu ili kukizimisha, kisha hugeuka na kukimeza. Ukiwa umekaza breki ya rili kwa nguvu, lile pigo la kwanza linakutana na chambo kigumu kilichofungwa, naye huona si cha asili akaondoka. Kwa chuchunge, dawa ni kumpa nafasi. Baharia anyanyue rodi, afungue rili huku kidole kikizuia kidogo tu ili mshipi usivurugike, ahesabu polepole mpaka tatu au tano wakati samaki anaondoka nacho, halafu akaze breki taratibu. Tumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, kwa kazi hii. Usiivute kwa kishindo. Wageni wengi wamezoea kurusha rodi nyuma, na hilo huing'oa ndoana kinywani. Waambie kabla ya kutoka: wewe kaza tu na uzungushe, ndoana itajigeuza yenyewe ikashika pembe ya taya. Kwa chambo bandia mambo ni kinyume. Hakuna kumpa nafasi, kwa sababu akikitafuna plastiki anakitema. Hapo breki iwe tayari imewekwa sawa na boti iendelee mbele kwa sekunde tano au sita baada ya rili kulia.

Na hapa naona uwezekano mkubwa wa jodari wako kuchomoka. Mara rili inapolia, nahodha kwa furaha anazima mwendo ghafla. Mshipi unalegea, ndoana inaning'inia kwenye tundu iliyojitoboa, samaki anatikisa kichwa mara moja na imekwisha. Punguza mwendo pole pole, mabaharia wakitoa mishipi mingine, na boti iwe bado inasogea mbele mpaka mgeni awe amekaza rodi yake.

Sababu ya pili ni breki kukazwa kwa kukisia. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya hicho kifaa cha ziwani. Tia rodi kwenye tundu lake, pitisha mshipi kwenye pete zote, funga mizani kwenye ncha ya mshipi, mtu avute polepole. Soma namba pale rili inapoteleza. Kanuni ni kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 24 uwekewe breki ya kilo 6 hadi 7 na nusu, wa kilo 15 uwekewe 4 hadi 5. Halafu tazama pia inavyoteleza. Ikiteleza kwa kukwama na kuachia, sahani za ndani zina chumvi au zimechakaa, na kila inapokwama jodari anapata mvuto wa ghafla unaopanua tundu la ndoana. Rili hiyo ifunguliwe na kusafishwa. Usiku legeza breki kabisa, isije ikagandamana.

Ukishaiweka breki, mzuie mgeni asiiguse. Watu humwona samaki anakimbia na mshipi unapungua, wakakaza zaidi, na hapo ndipo mshipi hukatika. Kadiri duara la mshipi kwenye rili linavyopungua, breki huongezeka yenyewe: duara likibaki nusu ya upana wake, kilo 7 ulizoweka zimekuwa 14. Juu ya hapo kuna uzito wa maji yanayoburuzwa na mshipi mrefu. Samaki akiwa mbali, punguza breki kidogo na umfuate kwa boti.

Ya tatu ni ndoana butu. Ipitishe juu ya ukucha; ikiteleza, ipige tupa. Hata ndoana inayotoka dukani huenda ikahitaji tupa.

Sasa nirudi kwenye kuteremsha chambo, maana sisemi halina kazi hapa. Lina kazi moja nzuri: nguru na kolekole ukingoni mwa mwamba, pale penye maji ya mita 30 hadi 60, alfajiri au maji yanapoanza kubadilika. Kibua hai au chuchunge kikiteremshwa mita 15 hadi 25 na boti ikitambaa noti 1 na nusu, utapata samaki ambao chambo cha juu hakiwafikii. Nguru ana meno ya mkasi, kwa hiyo funga kipande cha waya cha nusu mita mbele ya ndoana. Kulijaribu hili huhitaji kifaa cha mamia ya dola. Chukua kamba ngumu ya milimita 4, itie alama kila mita 5, funga risasi ya kilo 4 au 5. Mshipi wa rodi uzungushie mpira mwembamba wa kufungia fedha, halafu mpira huo uutie kwenye kipete kilicho juu kidogo ya risasi. Samaki akivuta, mpira unakatika. Acha mita 8 hadi 10 kati ya mpira na chambo.

Mambo mawili yaangalie. Kamba haishuki wima: ikilala kwa pembe ya nyuzi 45, mita 30 ulizotoa zinakupa kina cha mita 21 tu. Na risasi itanasa kwenye mwamba, hilo halina shaka. Kati ya kamba na risasi weka kipande cha uzi dhaifu wa kukatika, upoteze risasi badala ya kung'oa kilicho kwenye boti. Kamba isizungushwe mkononi mwa mtu hata kwa dakika moja.

Ukijaribu hivyo msimu mmoja na ukaona wageni wako wanafurahia nguru wa ukingoni, basi nunua kifaa. Kifungwe na fundi wa faiba, si kwa kutoboa tundu nne na kukaza skrubu. Ukingo wa boti nyingi una mbao ndani. Maji yakiingia kwenye matundu mbao inaoza, na siku risasi inanasa kipande cha ukingo kinaondoka nacho. Fundi aweke bamba la kuimarisha kwa ndani na azibe kila tundu.

Kuhusu wageni wenyewe, nusu siku ni muda mfupi. Ukitoa safari ya kwenda ukingoni na kurudi, saa za kuvua ni chache, na zipo siku za kurudi mikono mitupu. Mwambie kabla hajalipa. Mpe chaguo: mwamba wa karibu kwa nguru na kolekole wenye nafasi kubwa zaidi ya kupatikana, au maji makuu kwa nduaro na jodari wenye nafasi ndogo. Kubalianeni pia pwani, kabla ya kung'oa nanga, samaki ni wa nani. Wageni wengi hutaka nduaro aachiwe. Mabaharia wanahesabu kitoweo na mnada. Ugomvi huo ukitokea baharini unaharibu siku ya wote. Anayeachiwa asitolewe majini: mshike mdomo kwa glavu, boti iende mbele polepole maji yapite mashavuni, mwache akianza kujivuta mwenyewe. Jodari anayechukuliwa achinjwe na azikwe kwenye barafu mara moja, kwani akilala juani hutengeneza sumu isiyoondoka hata kwa kupikwa.

Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda na kuvua, moja la kurudi, moja usiliguse. Kusi likikaza dhidi ya maji ya bamvua, mawimbi ya Mkondo wa Pemba hayana huruma kwa futi 26. Soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) usiku kabla, na redio iwe kwenye chaneli 16, ile ya wito na dharura. Leseni ya kuvua na wageni iulize Idara ya Uvuvi, ukaguzi wa boti ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Na ukifika upande wa Pemba, uliza mipaka ya hifadhi kabla ya kutia mshipi, kwani kisiwa cha Misali kina eneo ambalo kuvua hakuruhusiwi kabisa. Ndoana ikimwingia mtu karibu na jicho, shingoni, au kwenye kiungo, usiitoe mwenyewe. Kata mshipi, izuie isitikisike, na mpeleke hospitali ya Kivunge.

Kwanza toka siku moja bila mgeni. Pima maji, pima breki nne zote, tazama kila chambo kwa mwendo wa kufuata maji na wa kuyapinga, na andika namba za GPS kwenye daftari. Kama baada ya hapo jodari bado wanachomoka, chukua rili zako na ndoana zako umpelekee fundi wa rili au nahodha mkongwe wa hapo Nungwi azishike kwa mkono wake, kwa sababu sahani iliyochakaa haionekani kwa maandishi.